Kasimu Zakaria na Mafuta ya Boîte

Jumamosi tarehe 28 Juni 2025, Tata Kasimu Zakaria atavua ovaroli yake ya buluu baada ya kuitumikia karakana ya Ushirika wetu wa Pikipiki, hapa Manika, kwa miaka ishirini na saba na miezi minne. Aliingia Februari 1998 akiwa na bisibisi mbili na barua ya mjomba wake. Anatoka akiwa fundi wa daraja la pili, yaani cheo kilekile alichopewa mwaka 2004.

Mama Marlène Ndaya, mwenyekiti wetu, aliniomba niandike wasifu huu kwa sababu nilikuwa mkuu wa karakana kwa miaka kumi na minane. Alidhani hakuna anayemfahamu Kasimu kunishinda, na hakukosea. Mtu humchunguza sana yule anayemwonea wivu. Katika jalada la Kasimu mna barua ya onyo ambayo ni ya uongo, na uongo huo niliutunga mimi. Daktari hanipi matumaini ya kuiona Krismasi. Basi nitamsifu kama desturi inavyotaka, na nikiwa katikati ya sifa nitaing'oa barua hiyo.

Kasimu alizaliwa Kasongo, katika ukoo wa wafanyabiashara na wasafirishaji. Shule aliiacha darasa la sita. Mimi nilikuwa na diploma ya ufundi wa mitambo, imewekwa kwenye fremu juu ya meza yangu. Neno embrayage, yaani klachi, Kasimu aliliandika kwa makosa matatu, na kila mara makosa yalikuwa mapya. Hata hivyo, wewa yeyote, yaani dereva wa taxi-moto (moto kwetu ni pikipiki), ambaye gia za pikipiki yake zilimsumbua, alipita mlangoni kwangu bila kugeuza shingo na kwenda kwa Kasimu.

Utaratibu wake unajulikana hadi Kingamyambo. Alivua viatu. Alikaa juu ya pikipiki, akaikanyaga pedali ya gia kwa mguu mtupu, taratibu, juu na chini, akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza habari za mgonjwa. Mwanzoni nilimtania mbele ya watu, kana kwamba yuko mlangoni pa msikiti: "Kasimu, unaingia mu moske?" Alijibu bila kuinua macho: "Mu moske banasikilizaka, Tata Chef. Na hapa pia."

Alianzia mkononi. Mkono wa embrayage ulitakiwa ucheze kidogo kabla ya kuvuta, unene wa njiti ya kiberiti tu. Waya ukilegea kupita hapo, sahani za ndani haziachani, na gia zinakwaruzana zikigoma kuingia. Baada ya mkono, mguu: pedali imelegea kwenye mhimili wake? Ikibonyezwa inarudi yenyewe, au resori, ile springi yake, imechoka? Kisha mafuta. Kufungua injini kulikuja mwisho kabisa. Alisema, "Usipasue tumbo ya mutu mwenye kuumwa kidole."

Hénock, wewa wa miaka mingi, alileta pikipiki iliyokuwa ikiruka kutoka gia ya pili kwenye kila mlima. Karakana tatu zilikwisha kumwambia boîte, yaani sanduku la gia, imekufa. Mimi nilikuwa wa nne kusema hivyo, na nilisema kwa Kifaransa. Kasimu aliikanyaga pedali mara mbili, akaona inagota kwenye chuma cha kukinga injini kilichopinda siku pikipiki ilipoanguka. Gia haikuwa ikiingia hadi mwisho, ndiyo maana ilitoka. Alikinyoosha chuma kile kwa bomba, na Hénock akaondoka kabla hajamaliza hindi lake la kuchoma. Akiwa langoni alinigeukia: "Tata Chef, diplôme yako inasomaka bitabu. Mugulu ya Kasimu inasomaka moto!" Watu walicheka juma zima. Mimi nilihesabu siku.

Nilihamisha benchi lake nikaliweka nyuma, karibu na choo. Foleni ilihamia nyuma, karibu na choo. Adhuhuri moja, wote wakiwa wameenda kula, nilifunga mlango, nikavua viatu na soksi, nikakanyaga pedali kama yeye. Nilihisi baridi ya chuma, basi.

Mwaka 2011 ushirika ulipokea pikipiki mpya kumi na mbili za kupeleka bidhaa Sandoa, na ilipangwa kufungua karakana ndogo hukohuko. Kila mtu alijua mkuu wake atakuwa Kasimu. Mimi nilitaka kuonyesha kwamba diploma nayo ina kazi. Gia za pikipiki zile zilikuwa na kelele kidogo. Ghalani palikuwa na pipa limeandikwa huile boîte, mafuta mazito ya gia za lori. Nilijiambia: gia ni boîte, na mafuta haya ni ya boîte. Siku ya Idi, Kasimu akiwa kwenye swala, nilimwaga mafuta ya pikipiki zote kumi na mbili na kuzijaza yale mazito kwa mikono yangu.

Asubuhi iliyofuata hakuna iliyokwenda. Ukibana embrayage na kutia gia ya kwanza, pikipiki iliruka mbele kama mbuzi na kuzima. Gia zilikataa kurudi kwenye neutre, pale pasipo na gia. Mawewa walizisukuma uani wakitukana. Kasimu alipima mkono, akapima mguu, kisha akafungua kizibo cha chini na kusugua tone la mafuta katikati ya vidole.

"Hii ni ya lori," alisema. "Mu motokari, boîte iko na nyungu yake. Mu moto, bitu byote binakunywaka mu nyungu moja: motere, embrayage, na boîte. Hii mafuta imeshikanisha embrayage."

"Nani alitia?" Hénock aliuliza.

Kasimu alinitazama. Alijua. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka. Akasema tu, "Tumwange, tusafishe, tutie ya motere. Muache maneno." Kufikia jioni, zikiwa na mafuta ya injini, zote kumi na mbili zilikuwa zikibadilisha gia vizuri.

Angenitaja, labda ningemsamehe. Alinisitiri mbele ya watu, na hilo ndilo nililoshindwa kulivumilia. Siku hiyohiyo niliandika ripoti kwamba fundi Kasimu alitia mafuta yasiyofaa kwa kutojua kusoma maandishi ya pipa. Nikabadilisha tarehe ya kazi, nikaiweka siku mbili kabla ya Idi. Kamati ya wakati ule iliniamini kwa sababu ya ile fremu. Kasimu alipewa barua ya onyo, akaambiwa atie sahihi au aondoke. Alikuwa na watoto wanne shuleni. Alitia sahihi. Sandoa alikwenda mtu mwingine, na onyo lile lilimfungia kila cheo hadi leo.

Mwezi uliopita nilimwita nyumbani. Alikuja na mkewe, Mama Amisa, na chungwa katika mfuko. Nilimweleza yote, nikisimama mara kwa mara kutafuta pumzi. Alimenya chungwa hadi nilipomaliza.

"Mi nilijuaka, Tata Chef. Tangu siku ile."

Mama Amisa hakuwa mpole kama yeye. "Na batoto je?" aliniuliza. "Malaika, mukubwa wao, alichekwa ku masomo: baba yako hajue kusoma bidon! Ule muzee wangu unamuambia hapa ndani, mu siri. Batoto habako hapa."

Kasimu akaongeza kwa sauti ndogo: "Uandike kwenye batu banasoma, Tata."

Ndiyo sababu haya yamo katika programu ya sherehe ya kumuaga. Mama Marlène ameisoma taarifa yangu yenye sahihi, na kamati imeifuta barua ya onyo. Cheti atakachopokea Jumamosi kitasema Mkuu wa Karakana. Nakiri kwamba nilipoliona neno hilo mbele ya jina lake, wivu ulinichoma tena, mzee mzima, kitandani. Nikaweka sahihi yangu hivyohivyo.

Malaika, nanyi wadogo zake: pikipiki zile kumi na mbili niliziharibu mimi, baba yenu akiwa anaswali. Yeye ndiye aliyezitengeneza. Jumamosi nitaletwa na kuketishwa mstari wa mbele. Mwenye swali aniulize, pumzi ya kujibu ingalipo.

Tata Kasimu, ushirika mzima unakushukuru kwa kazi safi ya miaka ishirini na saba. Wewe na Mama Amisa tunawatakia miaka mingi ya afya, na watoto wanaolitaja jina lako kwa sauti kubwa.

Omer Nkongolo
Mkuu wa karakana wa zamani