Vipimajoto Kumi na Viwili vya Kaka Yetu

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1957, mtoto wa kwanza kati ya watatu wa fundi bomba na mkewe. Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali, akamaliza darasa la saba mwaka 1972. Hesabu za desimali zilimpendeza kuliko mpira, hata wenzake wakamwita Nukta.

Mwaka 1979 aliajiriwa kufagia kwenye kliniki ya viungo. Miaka sita baadaye alikabidhiwa bwawa la maji ya uvuguvugu ambamo wagonjwa hunyooshwa miguu na migongo. Hapo ndipo alipoanza kukagua vipimajoto vya bei rahisi, vile vya plastiki vinavyoelea. Alijaza ndoo barafu iliyopondwa, akatia maji kidogo, akakoroga, akavitumbukiza. Kisichosoma sifuri kilitupwa.

Mwaka 1986 alimwoa muuza vitambaa, mama mcheshi. Nyumbani nako alipima. "Baba Watoto, hata chai?" mkewe alimwuliza, kisha akamtania, "Kunywa bwana, ikikuunguza utajua!" Walijaliwa mabinti wawili.

Linalofuata aliagiza mwenyewe lisomwe. Juni 2016 kliniki ilinunua vipimajoto kumi na viwili. Vyote vilisoma sifuri kwenye barafu, naye akavipitisha. Hakuvijaribu kwenye maji ya moto hata mara moja. Alichokiweka bwawani kilisoma thelathini na nne, kumbe maji yamefika arobaini. Bibi mmoja, mshonaji, alizirai humo, akajipiga kichwa ukingoni, na tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haushiki sindano.

Msimamizi alimwambia, "Mzee, hiyo ni mali mbovu ya dukani. Wewe huna kosa."

Akajibu, "Barafu niliiuliza. Moto sikuuuliza."

Mpaka alipostaafu mwaka uliofuata, kila kipimajoto alikikagua mara mbili: kwenye barafu, kisha kwenye maji ya moto, kando ya kile cha kioo cha daktari. Lakini moyo haukutulia. Mara tatu alifika mlangoni kwa bibi yule, mara tatu akarudi bila kubisha hodi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023. Wiki yake ya mwisho alimwita mdogo wake, mtu asiyezoea kusema mbele za watu, akamwambia, "Usinisifu tu. Niombee radhi. Mimi nilishindwa." Aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi.

Mjane alipolisikia agizo hilo alilikataa. "Shemeji, unataka kumwaibisha mwenzangu na hata hajazikwa?" Siku mbili hawakusemezana. Jana akasema, "Soma. Ila polepole, usimezemeze maneno."

Bibi mshonaji alipelekewa taarifa ya mazishi haya. Kama upo hapa, mama: alikosa, alijua amekosa, na aliona haya kukutazama usoni. Familia inakuomba umsamehe. Usipoweza, hatutakulaumu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, dada mmoja na mdogo wake wa kiume. Mungu ampe amani ambayo miaka hii tisa hakuwa nayo.