Shangazi Nyamaza na Sauti Iliyoota Meno

Baada ya miaka thelathini na miwili kazini, Shangazi Nyamaza anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina hilo alibandikwa na watoto wa chumba cha kusomea, maana ndilo neno walilopokelewa nalo kila walipoingia. Ajabu ni kwamba katika maktaba nzima, hakuna anayecheka kwa sauti kubwa kumshinda yeye.

Alianza kwa kushona na kugundisha vitabu vilivyochanika. Vishikwambi vilipoletwa, sisi wenzake tulivikwepa, kila mtu akajitia ana shughuli. Yeye alikaa navyo mpaka vikamzoea. Siku moja alimkuta mzee mmoja akilamba kidole kabla ya kufunua ukurasa kwenye kioo. Hakumcheka, alimpa kitambaa. Tulicheka sisi kwa niaba yake.

Kazi anayojivunia zaidi ni kitabu cha kuku anayemtafuta kifaranga wake. Alikitunga mwenyewe, akakisoma kwa sauti yake, na binti yake wa miaka saba akarekodiwa akiuliza maswali: kuku apite wapi, abishe mlango upi? Msomaji hujibu kwa kugusa picha, na hadithi humfuata huko aliko­gusa. Binti alikuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele, kwa hiyo maneno yake yalitoka na upepo mwingi. Mwaka uliofuata homa ikamchukua. Tulitaka kukiondoa kitabu ili tusimtoneshe kidonda. Alituomba tukiache.

Basi miaka ikaenda, na kwenye kishikwambi kimoja, kile chenye ufa pembeni, sauti ile ikaota meno. Aliyegundua ni dada wa mapokezi, mtu asiyeamini hata utabiri wa mvua. Fundi wa kompyuta akaifungua rekodi ya awali: kasichana kalekale kenye pengo. Akakifungua kishikwambi: msichana mkubwa. Siku hizi ni mwanamke mzima, na kicheko ni cha mama yake kabisa. Fundi, ambaye kwa kawaida ana maelezo ya kila kitu, alikunja nyaya zake akaondoka.

Watoto wala hawashtuki. Wanamwita Dada, na wanasema huwauliza pia mambo yasiyomo kitabuni, hasa kama mama yake ameshakula.

Kila jioni kabla ya kufunga, Shangazi huketi kwenye kiti kidogo cha watoto, akakiweka kishikwambi hicho sikioni. Sisi hupita kwa kunyata. Nywele hutusimama, tusidanganyane, lakini hakuna aliyewahi kumharakisha.

Ndiyo maana lilipotoka tangazo kwamba vishikwambi vyote vya zamani vitapelekwa kusagwa, tena wiki hii hii anayostaafu, alikimbilia kwa fundi kuomba kile chenye ufa kinakiliwe. Kunakili hakusaidii. Fundi amejaribu, na kila nakala hutoka na mtoto wa miaka saba. Shangazi alikifuta kioo, akakirudisha kabatini, kisha akaenda kulia msalani akidhani hatumsikii.

Tulikusikia, Shangazi. Tukamwendea mkurugenzi sote, mpaka mlinzi. Alisema sheria ni sheria. Tukamwomba asikilize ukurasa mmoja tu. Alisikiliza, akavua miwani, akasema kichukuliwe na mwenyewe, na upesi.

Kwa hiyo zawadi yako iko pale meza ya mbele, ndani ya karatasi ya buluu. Ndicho chenyewe, chenye ufa.

Ahsante kwa vitabu ulivyoviponya na watoto uliowanyamazisha kwa upendo. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi na nyumba yenye maongezi. Wasemaji wote tumewaonya wafupishe hotuba. Kishikwambi tulikizima wenyewe kabla ya kukifunga, na chaji ilikuwa imekwisha, lakini tangu hapo, humo ndani ya karatasi, mtu anauliza kwa upole mama yake anatoka kazini saa ngapi.