Gramu Kumi na Mbili Zilizobaki

Mheshimiwa Diwani wetu, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Shule Mzee Abdullahi Duba, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi mliotoka vijiji vya Wema na Ndera na huko mbali kwenye mifugo, wageni waalikwa na wasichana wenzangu: assalaam alaykum, na Bwana asifiwe.

Mimi ni Abdia Guyo wa kidato cha tatu, katibu wa Chama cha Sayansi. Wenzangu kumi na mmoja wamenituma nimuage Mwalimu Tamar, anayehamishiwa Voi baada ya kutufundisha fizikia miaka minne. Wamenituma pia niseme jambo jingine, nalo nitalisema yeye akiwa bado amekaa hapa. Tumesikia kwamba maabara itafungwa hadi mwalimu mwingine wa fizikia apatikane. Mashindano ya sayansi ya wilaya ni muhula ujao. Maabara ikifungwa, hatuendi.

Baadhi yenu mmeuliza ile kelele ya jioni ni ya nini, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Ni feni. Wakati wa mafuriko ya mwaka juzi, ndege za msaada zilipokuwa zikitua hapa Garsen, fundi mmoja alimpa Mwalimu mota ya ndege ya mfano, ndogo kama kidole. Mota hiyo huzungusha feni ndani ya bomba fupi kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na upepo unaotoka nyuma ndio unaosukuma ndege mbele. Ndege yetu ya vijiti na karatasi, tunayoiandalia mashindano, inahitaji msukumo wa gramu mia mbili ili iruke. Tunaupimaje? Tunasimamisha bomba juu ya mizani ya jikoni, linapuliza hewa juu, mizani inakandamizwa chini, nasi tunasoma namba tukiwa nyuma ya mstari wa chaki.

Mwezi wa pili nilifanya kosa. Mota ilianza kukwaruza, nami nikaamua kuilainisha. Kwetu ngozi ikikauka, kamba ikikakamaa, mtoto akikohoa, hutafutwa samli. Basi nikaja na samli ya nyanya yangu ndani ya kichupa, nikaidondoshea kwenye mhimili wa mota bila kumwambia mtu. Pimo la kwanza lilipanda, nikatabasamu peke yangu. La tatu likashuka hadi gramu mia na kumi. Katika la nne mota ilipata joto kwa kasi yake, samli ikayeyuka ikaingia ndani, moshi ukatoka, na maabara nzima ikanuka kama jiko la harusi. Lydia, anayeshika saa, akasema, "Abdia, hii ni feni au ni karai? Mimi tayari nina njaa." Wasichana wote walicheka isipokuwa mimi, kwa sababu mota tuliyokuwa nayo ilikuwa hiyo moja tu.

Mwalimu Tamar hakucheka wala hakugomba. Alinisogezea daftari.

"Andika ulichofanya."

"Hata samli, Mwalimu?"

"Samli hasa. Bila hiyo tutajuaje kwa nini namba ilishuka?"

Nikaandika. Juma zima tukaifungua ile mota, tukaisafisha kwa spiriti na pamba, tukaitia tone moja la mafuta ya cherehani, nayo ikazunguka. Je, mwalimu wa namna hii anaagwa kwa leso na soda peke yake?

Mwezi uliopita alikwenda Hola kwa shughuli za uhamisho wake. Mwalimu Kassim wa hisabati akakaa nasi akisahihisha vitabu vyake, nasi tukapima wenyewe mara kumi na nne. Hakuna aliyeumia, hakuna kilichoungua. Namba ya juu kabisa ilikuwa mia na themanini na nane. Ningeweza kuwaambia leo kwamba ilifika mia mbili, nanyi mngepiga makofi. Haikufika. Zimebaki gramu kumi na mbili, na tunafikiri tunajua zinakopotelea: nafasi kati ya ncha za feni na bomba ni pana mno, hewa inarudi kupitia hapo. Tumeanza kutengeneza bomba jembamba zaidi.

Mzee Abdullahi, ulisema katika mkutano wa wazazi kwamba mota inayokwenda kasi hivyo bila mwalimu ni hatari. Nakuheshimu kama babu yangu, na hofu yako ni ya haki. Ndiyo maana hatuombi kuachwa peke yetu. Mwalimu Kassim amekubali kukaa nasi kila Jumatatu na Jumatano, mkimruhusu. Anasema hajui mota, lakini namba ya uongo anaitambua.

Mwalimu Tamar, hatukuahidi ushindi huko wilayani. Tunakuahidi kwamba kila pimo litaandikwa, zuri na baya, na nakala ya daftari utaipata Voi.

Waheshimiwa, Jumatatu saa kumi jioni tutakuwa tumesimama nje ya maabara, sisi kumi na wawili na Mwalimu Kassim, tukiwa na bomba jipya. Tunaomba tuukute mlango uko wazi.

Nimefikisha nilichotumwa. Asanteni sana kwa kunipa masikio yenu.