Rambirambi za Mama Aliye Hai

Wakubwa zangu wa Kiseke, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Mwenyekiti wenu kaniomba nieleze yaliyonipata, na mnivumilie. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Mirongo, naishi Buhongwa, na kikundi changu cha kuweka na kukopa ni cha akina mama wa hukohuko Buhongwa. Majina ya watu sitayataja. Wengine ni wateja wangu na nguo zao bado ziko kwangu.

Basi, mwaka jana mama yangu, aliyekuwa akiishi Ukerewe, aliugua. Nikamtumia hela ya dawa kwa simu, harakaharaka, huku mteja ananisubiri, nikakosea tarakimu moja. Hela ikaenda kwa mtu nisiyemjua. Nikapiga huduma kwa wateja, muziki unalia tu, tafadhali subiri, tafadhali subiri. Mimi nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Nikaingia kwenye ukurasa wa kampuni mtandaoni, nikawamwagia maneno palepale mbele za watu: hela ya mama yangu mgonjwa aliyeko Ukerewe imepotea na nyie mmelala, namba yangu ni hii hapa, nipigieni!

Ndugu zangu, nawaambia, simu ilipigwa haraka kuliko nilivyotegemea. Ila hawakuwa wao.

"Shikamoo mama," akasema kijana mmoja wa sauti nzuri. "Napiga kutoka huduma kwa wateja. Pole sana. Na mama yetu anaendeleaje?"

Jamani, nani angemshuku mtu anayeanza na shikamoo na kumjulia hali mgonjwa? Nikamwitikia, marahaba baba. Akasema itaingia meseji yenye tarakimu, nimsomee ili hela irudi. Nikamsomea. Tena nilisoma taratibu, nikarudia, asije akakosea yeye! Akanishukuru, nami nikarudi kwenye cherehani naimba.

Kumbe kwa zile tarakimu ameshaichukua WhatsApp yangu.

Mchana huohuo akaingia mwenzangu mmoja wa kikundi, khanga kaifunga kiunoni, analia. "Pole mwenzangu, pole." Pole ya nini? "Mama." Nikakaa chini kwenye vipande vya vitambaa. Nikampigia mama, hapatikani. Nikarudia, hapatikani. Weee! Nikajua amekufa na mimi ndiye wa mwisho kuambiwa. Nilipiga yowe mpaka mafundi wa vibanda vya jirani wakaja mbio. Yule mwenzangu ndiye aliyeshtuka: "Mbona unalia kama hujui? Si wewe mwenyewe umeandika kwenye grupu?" Akanionyesha simu yake. Picha ni yangu, jina ni langu: mama ametutoka, tunazika Ukerewe, rambirambi tumeni kwa namba hii, yangu ina matatizo.

Na watu walishatuma. Mnajua wenyewe tulivyo. Ukisikia mwenzako kafiwa, unatuma kwanza, mengine baadaye. Kumuuliza mfiwa kama ni kweli tunaona ni kumtukana. Yule tapeli alilijua hilo vizuri sana, na kuhusu ugonjwa na Ukerewe nilikuwa nimemwandikia mwenyewe kule mtandaoni.

Mama alipatikana jioni, simu ilikuwa imeisha chaji. Niliposikia sauti yake nililia upya. Lakini hofu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kikundini wengine walinipa pole, wengine wakanuna. Mmoja akasema, nasikia kwa masikio yangu: "Mtu anamuua mama yake kwa ajili ya hela?" Neno lile lilinichoma. Nikisalimia, naitikiwa nusu. Shemeji yangu naye akaongeza: "Usithubutu kwenda polisi. Laini imesajiliwa kwa vidole vyako. Ukifika pale ndio umejipeleka." Nikamwamini! Nikafunga kibanda. Kila pikipiki iliyosimama nje nilidhani wamenifuata. Chakula hakishuki. Tapeli huku anaendelea kuwaandikia watu wangu, na mimi nimejifungia ndani kama vile mwizi ni mimi.

Aliyenitoa ni mama mwenyewe. Alipanda feri akaja na ugonjwa wake, amefura kwa hasira. Watu walikuwa wamefika nyumbani kwake kuuliza kaburi linachimbwa wapi, wakamkuta anakunywa uji.

"Unaogopa nini?" akaniuliza. "Aliyeuawa ni mimi. Vaa viatu twende."

Kituoni nilikuwa nyuma yake. Askari wa kike wa dawati la makosa ya mtandao akatukaribisha, akashika kalamu. "Haya, poleni. Marehemu ni nani?"

"Ni mimi," mama akasema.

Yule askari alicheka mpaka akaweka kalamu chini, na mimi nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka. Ndipo nikauliza lile nililokuwa naliogopa siku zote: mtaniweka ndani? Akanishangaa. "Mama, wewe umeibiwa. Aliyeibiwa anakuja hapa, tena mapema, hajifichi."

Akaandika maelezo yangu, akanipa RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa niliyotoa, akaniambia niende na kitambulisho kwenye duka lenyewe la kampuni. Namba ya tapeli niitume kwenye ile namba ya bure ya serikali ya kuripoti utapeli, ili ifungwe. Kumbe imebandikwa mlangoni pa ofisi ya serikali ya mtaa wetu, na mimi nimepita hapo miaka nenda rudi! Tena akasema, kampuni wakinizungusha kuhusu ile hela niliyokosea, wapo watu wa serikali wanaosimamia mawasiliano, wanapokea malalamiko ya wateja na hawatozi kitu.

Nilikwenda kote huko. WhatsApp ikarudi, namba ya tapeli ikafungwa. Kampuni walinizungusha kweli, nikapeleka malalamiko, hela ya dawa ikarudi. Rambirambi nyingine zilikutwa hazijatolewa, zikarudi kwa wenyewe. Nyingine zilikwenda moja kwa moja, siwadanganyi, na tapeli sijasikia kwamba amekamatwa.

Mama alikuja kikundini akawapa mikono mmoja mmoja, wakacheka sana. Lakini mimi nilibaki na hofu moja ambayo sikumwambia mtu: siku akifa kweli, nani ataniamini?

Mwaka huu, wakati wa masika, mama alitutoka kweli. Nilishika simu, nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mwishowe nikatuma. Hakuna aliyejibu hata neno moja, na moyo ukaniambia, unaona sasa?

Mara simu ikaita. Ni yule aliyesema nimemuua mama kwa ajili ya hela.

"Nisamehe mwenzangu," akasema. "Tulikubaliana hakuna kutuma kitu kabla ya kusikia sauti ya mtu. Wamenituma mimi. Sema neno lolote tu."

Nililia tu. Akanisikiliza kidogo, kisha nikamsikia anawageukia wenzake: "Ni yeye. Twendeni."

Walivuka nami hadi Ukerewe, wakapika, wakamzika mama yangu. Nawashukuru wao, na namshukuru yule askari aliyenisikiliza bila kunidharau. Nanyi wa Kiseke nawaomba: ukiibiwa, nenda ukaripoti siku hiyohiyo, na malalamiko yapeleke kwa wahusika, usiyamwage mtandaoni na namba yako kama mimi. Na mfiwa akiwaandikia, mpigieni simu. Msione haya. Mimi nilipigiwa, na sikutukanika hata kidogo.