Kuta Zilizokandikwa Upya

Pantoni iling'oa nanga Kigongo. Nyuma ya Kija, aliyembeba mwanawe mgongoni, mzee mkulima alibishana na mama muuza dagaa.

"Watu wa bwana shauri wa wilaya walipuliza dawa ya mbu, nyumba ikanuka! Walipoondoka tu, nikakandika kuta upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Mimi nafukiza mwarobaini, basi."

"Babu, dawa umeizika! Mbu akishakunywa damu hutua ukutani, hapo ndipo ingemuua."

"Mbu hapiti kwenye moshi wangu."

"Na moshi ukiisha wajukuu wamelala, je?"



Kija hakugeuka. Kuta zake naye alizikandika upya mwenyewe, wageni wa posa ya mdogo wake wasikute harufu ya dawa. Pantoni ikagonga gati la Busisi, wabishi wakateremka wakibishana. Kija alibaki amesimama, homa ya mtoto ikimchoma mgongo.