Kilo za Emérance

Siku tuliyomzika dada yangu Ketsia, hamu ya kula iliniacha. Miezi michache baadaye nilipanda teksibasi ya kwenda Marabo. Mbele yangu waliketi wanawake wawili wa ofisi moja ya Bunia, mmoja kijana na mwingine wa makamo, wakibishana juu ya shindano lao la kupunguza uzito, ekipe kwa ekipe, timu moja dhidi ya nyingine.

"Mama Dorcas, tumeshashinda!" alisema yule kijana. "Emérance peke yake amepunguza kilo kumi."

"Priscille, ile kilo haiko ya mashindano. Bwana yake alikufia kule Bule, na tangu pale hakuli. Alipopanda kwenye balansi ya kupima kilo, siye wote tukapiga mikono. Akalia. Weye ukasema ni furaha."

"Sasa nimuambie anenepe?"

"Umutoe mu ekipe. Ijumaa asipimwe."

"Tukimutoa, bakontable, ile ekipe ya hesabu, watatushinda. Na yeye atajua juu ya nini tumemutoa."

"Anajua tayari. Anajua nani anamuletea sombe ya kula, na nani anamuletea balansi."

Priscille aligeukia dirisha. "Sombe nilimupelekea, mama. Aliniambia niweke pale chini. Nilirudi kesho yake, iko pale pale."

Zawadi ya washindi, nilielewa baadaye katika maneno yao, ni chakula cha mchana hotelini.

Gari lilisimama sokoni Marabo. Walishuka wakianza tena habari ya Ijumaa. Nilishuka nyuma yao. Siku hizi sketi zangu zote zinanipwaya, nazifunga kwa pini.