Dada Yetu Mama Fyuzi, Fundi wa Umeme na Muziki wa Magari

Ndugu zetu, majirani, mafundi wenzake na marafiki mliotoka karibu na mbali, kwa niaba ya familia nasimama mbele yenu, mimi mdogo wake wa mwisho, kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye jina lake la kwenye cheti mmelisikia asubuhi hii, na nimeona wengine mkigeukiana kuulizana ni nani huyo, kwa sababu mtaani, gerejini na hata hospitalini hakuitwa vingine ila Mama Fyuzi, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na bibi yetu.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1960, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba yetu, dereva wa lori, na mama yetu, mshonaji wa nguo, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya kituo cha mafuta, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakubembelezwa kwa nyimbo akanyamaza, ila baba akipiga honi kule barabarani, kilio kinakatika hapo hapo. Akiwa bado hajaanza shule, baba alirudi safari akakuta redio yake, kitu pekee cha anasa nyumbani kwetu, imelala mkekani matumbo nje, na sisi tuliozaliwa baadaye tumehadithiwa kwamba nyumba nzima ilishika pumzi ikisubiri fimbo, lakini baba alivua viatu, akakaa, akasema, "Umeifungua, haya, ifunge," na jioni ile redio iliimba, ingawa zilibaki skrubu mbili ambazo mpaka leo hakuna ajuaye zilikuwa za wapi.

Alisoma shule ya msingi ya jirani kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1978, na alipofaulu mtihani wa kuingia chuo cha ufundi, fani ya umeme wa magari, baba alimpeleka mwenyewe kwa mkuu wa chuo, ambaye aliwapokea vizuri, akawapa viti, kisha akasema kwa masikitiko, "Mzee, binti amefaulu, sikatai, ila chuo hiki hakina choo cha wasichana." Baba akauliza, "Tatizo ni choo tu?" Mkuu akajibu, "Ni choo tu." Baba akavaa kofia yake, akaaga kwa adabu, wakaondoka, na chuo kilipofunga kwa likizo, lori la baba likaingia pale getini limejaa matofali na mchanga, nyuma yake likafuata la rafiki yake na saruji, wakashuka madereva na utingo wao, watu wasiojua kujenga lakini wenye mdomo wa kuuliza wanaojua, na mkuu aliporudi akakuta choo cha milango miwili kimesimama, kimeezekwa bati jipya, kinang'aa kuliko ofisi yake. Alicheka mpaka akavua miwani, akasema neno lake ni neno lake, na mwezi Januari 1979 dada yetu akaanza masomo, msichana peke yake darasani, na nyinyi mabinti mliokuja leo na sare za chuo, ambao nasikia choo hicho bado mnakitumia, mkimwombea yeye msimsahau na marehemu baba yetu.

Alihitimu mwaka 1981, akaajiriwa katika karakana ya kampuni ya mabasi, na huko ndiko alikojifunza yale ambayo baadaye aliyasema mara nyingi mpaka wanafunzi wake wakawa wanayatamka usingizini, kwamba kabla hujagusa waya wowote, toa kichwa cha hasi cha betri kwanza, na ukimaliza kirudishe mwisho, kwamba pete na saa ya chuma vikae mfukoni, kwamba waya ukipita kwenye tundu la bati lazima uvishwe mpira, maana gari linatikisika na bati ni kisu, na kwamba fyuzi ikiungua usiulize utaweka nini kikubwa zaidi, uliza kwa nini imeungua. Mwaka 1986 aliacha kazi ya kuajiriwa, akafungua kibanda chake cha bati kando ya barabara ya machinjioni, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu, UMEME, TAA NA MUZIKI WA GARI.

Mmoja wa wateja wake wa kwanza alikuwa mkunga, ambaye gari lake lilikuwa haliwaki kila asubuhi, na mafundi walikuwa wamembadilishia betri juu ya betri, mpaka akawa analaza gari kilimani ili asubuhi aliteremshe liwake lenyewe. Dada alizima kila kitu, akatoa hasi, akaunga mita yake ya kupimia umeme kati ya betri na waya, akakuta umeme bado unatembea, akaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku macho yakiwa kwenye mshale wa mita, na alipochomoa ya redio, mshale ukalala. Aligundua kwamba aliyeifunga redio aliunga amplifaya yake, kile kikuza sauti, moja kwa moja kwenye umeme wa kudumu badala ya ule unaokatwa na ufunguo, akamwambia mkunga, "Dada yangu, wewe ukilala, redio yako inakesha," na mkunga akajibu, "Afadhali angekuwa mume anayekesha, hilo nimelizoea." Kutoka siku ile wakawa kama chanda na pete, na ndiye aliyewapokea watoto wote wa marehemu walipokuja duniani, naye yupo hapa leo, ameketi na akina mama.

Sasa nafika kwenye ndoa, na siwezi kuifikia bila kupita kwenye moto. Ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda cha dada, alikuwepo kijana fundi wa muziki aliyeitwa Ngurumo, ambaye ni shemeji yangu na ameketi pale mbele, na ameniruhusu niseme yote, maana huyasema mwenyewe kila apatapo msikilizaji. Ngurumo alifunga spika kubwa haraka na bila maswali, na vijana walimpenda, na mteja akilalamika kwamba yule dada wa ng'ambo anasisitiza fyuzi karibu na betri na waya mnene unaolingana na mzigo, yeye hucheka na kusema, "Nendeni kwa Mama Fyuzi mkafungiwe fyuzi, mkitaka muziki njooni kwangu." Hapo dada hakuwa mama wa mtu yeyote, alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, lakini kejeli ikashika kama gundi, na siku mchoraji alipopita akiulizia kazi, dada alimwambia aongeze kwenye mlango, juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote, MAMA FYUZI, kisha akaweka kiti nje, akamtazama jirani yake akilisoma.

Jumapili tarehe 23 Agosti 1987, mchana, katika uwanja wa nyuma ya soko, vijana walikusanya magari kushindanisha muziki, na Ngurumo aliingia na lake akishangiliwa, gari ambalo alikuwa amebomoa milango kwa ndani ili spika zienee, akaondoa na vishikio vya kufungulia, kwa hiyo mlango ulifunguliwa kwa kitufe cha umeme tu. Alijifungia ndani, akapandisha vioo, akaongeza sauti, watu wakawa wanacheza, na dada, aliyekuwa amesimama pembeni na kopo la karanga, akasikia muziki unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, akaona moshi mwembamba ukitoka chini ya dashibodi, akajua kwamba waya mnene kutoka kwenye betri umekatwa ngozi na bati, na kwamba hakuna fyuzi ya kuusimamisha. Kitufe cha mlango kikawa kimekufa, vioo vimekufa, na Ngurumo anapiga kioo kwa viganja, na waliokuwa karibu walidhani anacheza.

Dada alitupa karanga, akakimbia, akabandika uso kwenye kioo, akapaza sauti, "Vuta boneti! Ngurumo, vuta boneti!" na kijana yule, akikohoa, haoni vizuri, akapapasa chini ya usukani mpaka akakivuta kile kishikio, boneti ikafyatuka, dada akaiinua, na kwa kuwa hakuwahi kutoka nyumbani bila spana namba kumi, akailegeza nati ya hasi na kuking'oa kichwa cha betri kikiwa kimekwisha pata moto, kikamuunguza kiganja cha kulia, lakini hakukiachia mpaka alipokitenga mbali na betri. Umeme ukakatika, moshi ukapungua, wanaume wakavunja kioo cha nyuma wakamtoa mtu wao akiwa mzima, amejaa masizi, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Mama Fyuzi, nifundishe," naye akamjibu, huku akikipuliza kiganja chake, "Kohoa kwanza umalize, halafu tutaongea."

Waliongea. Ngurumo alifunga kibanda chake, akavuka barabara, akaanza upya kama mwanafunzi, akifagia na kuosha vichwa vya betri vilivyoota unga, na wateja walipomcheka aliwaonyesha nywele zake zilivyoungua, akasema, "Cheka, lakini weka fyuzi," na baada ya mwaka mmoja na ushee alimwendea baba yetu, aliyemuuliza swali moja tu, kama gari lake jipya lina vishikio vya mlango. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 1988, na gari la kumbeba bibi harusi liligoma kuwaka mbele ya wageni, dereva akatoka jasho, mama akaanza kulia, dada akashuka na shela yake, akatazama, akaomba kitana cha mmoja wa wapambe, akakwangua ule unga kwenye kichwa cha betri, akakikaza, akarudi kukaa, akasema, "Washa," likawaka, na vigelegele vya pale ndivyo vilivyokuwa vikubwa kuliko vya kwenye kiapo chenyewe.

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye leo ndiye anayeendesha karakana, na mapacha wa kiume waliozaliwa mwaka 1993, mmoja mwalimu na mwingine mpishi, ambaye mama yake alimsamehe kwa kutochagua ufundi siku alipoonja mchuzi wake. Kibanda kikawa karakana ya ukuta, na ndani yake walipita vijana wengi, hasa mabinti, ambao wengi wao sasa wana karakana zao, na kila aliyeanza alionyeshwa kwanza kile kiganja chenye kovu, akaambiwa, "Somo la kwanza ni hili, limekwisha kulipiwa ada."

Mwaka 2004 yeye na mumewe walilifufua gari lile lililoungua, wakalipeleka kwenye mashindano makubwa ya muziki wa magari, na watu walicheka walipoona spika zake ndogo kando ya magari yaliyobeba masanduku makubwa kama kabati. Masharti yalikuwa gari lipige muziki injini ikiwa imezimwa, taa zote zikiwa zimewashwa, kisha liwake, na waamuzi wafungue boneti wakague nyaya, na wale wa makabati walinguruma kweli kweli, vioo vya nyumba vikatikisika, lakini walipoambiwa wawashe, wengi walisikika wakifanya tik, tik, tik, wakaishia kusukumwa. La dada lilipopiga, uwanja ulinyamaza, kwa sababu mwimbaji alisikika akivuta pumzi kabla ya kuimba, na lilipoambiwa liwake, liliwaka kwa mguso mmoja, na mwamuzi aliyeinama kwenye nyaya aliinuka akasema, "Humu mtu anaweza kula chakula." Walimpa kombe, akalinyanyua juu, akamwamuru mumewe apige honi mpaka nje ya uwanja, na alipiga, mtaa mzima ukatoka milangoni, na mama yetu, aliyekuwa bado hai, alicheza barabarani bila viatu.

Mwaka 2017 alianza kuishiwa nguvu na kuzimia, na madaktari walipogundua kwamba mapigo ya moyo wake yanalegea, walimweleza kwamba watampandikizia kifuani kifaa kidogo cha kuyasaidia, kinachotumia betri, naye aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Betri yake inakaa miaka mingapi, na fyuzi iko wapi?" Daktari alicheka, akaenda kumletea mchoro, wakakaa kuusoma pamoja. Alipokwisha kupandikizwa, akaambiwa asiinamie tena injini inayowaka, isije ikakivuruga kifaa kile, alitii, akaweka kiti chake mlangoni mwa karakana, akawa anafundisha kwa mdomo na sikio, na ilikuwa katika kipindi hicho binti yake alipopewa kazi ya kutunza umeme wa magari ya wagonjwa ya hospitali kuu, taa, redio za mawasiliano na ving'ora, na sijapata kumwona dada akitembea kifua mbele kama wiki ile.

Jumapili tarehe 6 Novemba 2022 alizidiwa, na gari lililokuja kumchukua lilikuwa mojawapo ya hayo, binti yake akapanda naye, na njiani, katikati ya pumzi nzito, marehemu alifumbua macho akasema, "King'ora kinakwaruza, kuna waya haujakazwa." Binti akamwambia, "Mama, pumzika," akajibiwa, "Nitapumzika ukiukaza." Walipofika, wauguzi wakimpokea, binti alibaki uani, akatoa hasi, akautafuta waya, akaukaza, akarudisha kila kitu mahali pake, akajaribu king'ora, kikalia safi, kikasikika hadi wodini, na alipoingia alimkuta mama yake anatabasamu, naye mama akamwambia, "Huo sasa ndio mlio." Aliaga dunia asubuhi ya Jumanne tarehe 8 Novemba 2022, mumewe amemshika mkono, watoto wote watatu wakiwa kando ya kitanda chake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka mitano bila kuchoka na maswali yake, majirani waliopika, waliofagia na waliolala nasi, wanafunzi na mafundi wenzake waliofunga kazi siku tatu hizi na kutengeneza taa za msiba huu bila kuombwa, uongozi wa chuo, na wewe mkunga, ambaye hukuondoka mlangoni petu.

Dada mkubwa, uliishi ukicheka, ukafanya kazi iliyoonekana, ukaacha mikono mingi inayojua kazi, hatukusindikizi kwa huzuni peke yake, tunakusindikiza kwa fahari, pumzika, mkubwa wetu, pumzika kwa amani.